Ndimu ya Unga na Jina Langu Kwenye Entri

Mimi hutengeneza mabuyu, achari za embe na juisi ya ukwaju hapa Malindi, mtaa wa Shela. Nilianza na sufuria moja mwaka 2014, sasa tuko wanawake sita. Kila anayefanya kazi hii anaijua ndimu ya unga, zile chembe nyeupe mfano wa sukari ambazo kwenye karatasi za forodha huitwa asidi ya sitriki. Bila yake mabuyu huwa matamu tu, hayana ule ukali unaomfanya mtoto afumbe jicho moja. Achari kavu ya embe ngowe ikiikosa, wateja wanakurudishia.

Miaka yote tulinunua kwa mfuko wa kilo 25 dukani Mombasa. Mwaka 2023 mfuko ulikuwa umefika shilingi 5,800, na kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani bei inapanda tena. Binti wa dada yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, akanionyesha bei za viwandani China: dola 690 kwa tani. Nikapiga hesabu usiku ule. Mfuko uleule wa kilo 25 ulikuwa kama shilingi 2,600 kabla ya kupanda meli. Sikulala.

Naandika haya kwa sababu tangu mwaka jana wamenijia watu wanne, wawili wa Mambrui, mmoja wa Kilifi na mmoja wa Lamu, wote wakiniuliza "ile njia yako ya kuagiza". Wanaona mifuko imepangwa ghalani. Hawajui ule mzigo wa kwanza ulivyonikondesha, wala ule mwingine niliotaka kuufanya ambao ungeweza kunitia korokoroni.

Septemba 2023 niliagiza tani 4, yaani mifuko 160, kwa kuchangia kontena na wafanyabiashara watatu wa Mombasa. Mengi niliyafanya sawasawa, kwa sababu nilimuuliza jirani yangu aliyewahi kuagiza vipuri. Aliniambia: kabla mzigo haujapanda meli, fungua IDF, ile fomu ya tamko la kuagiza mzigo, kwenye mfumo wa serikali wa dirisha moja, na hakikisha unakaguliwa hukohuko unakotoka, upewe cheti cha ubora kinachotakiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya. Mpango huo wa kukagua bidhaa kabla ya kusafirishwa upo tangu 2005, na mzigo ukifika Kilindini bila cheti hicho unaanza mashaka mapya. Cheti nilikipata. Mkaguzi aliandika humo jina la bidhaa, uzito, jina la kiwanda na thamani ya ankara. Ikumbukeni hiyo thamani, maana itarudi.

Nilipokosea ni pale muuzaji wa China aliponiuliza kwenye simu, "Kwenye ankara niandike bidhaa gani?" Mimi, kwa kudhani naeleza vizuri, nikajibu: andika viungio vya chakula. Akaandika hivyo hivyo. Maneno matatu tu.

Mzigo ulifika Novemba. Ndio mwezi ule mvua za El Nino zilipoharibu barabara pale Mbogolo, tukawa huku Malindi kama kisiwani. Kwa hiyo kila kitu nilikifanya kwa simu na wakala wangu wa forodha, mzee mmoja wa makamo ambaye nilikuwa nikimwita ami kwa heshima. Nilimtumia karatasi zote kwa WhatsApp, nikamwambia: "Ami, nakuachia wewe." Sikuomba nione entri, yaani tamko la mzigo linalopelekwa forodhani kwa jina langu, kabla hajaituma. Sikujua hata kwamba ninayo haki ya kuiona.

Nilikuwa nimetenga shilingi 102,000 za serikali. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Thamani ya mzigo pamoja na nauli ya meli na bima ilikuwa dola 3,400, sawa na shilingi 510,000 kwa kiwango cha 150 kwa dola. Ndimu ya unga yenyewe, ikiwa peke yake haijachanganywa na kitu, kwenye orodha ya namba za bidhaa za forodha (HS) iko kundi la 29.18 la kemikali, ambalo ushuru wake wa Afrika Mashariki ni sifuri. Ada ya IDF wakati ule ilikuwa asilimia 2.5, yaani 12,750. Ada ya reli asilimia 1.5, yaani 7,650. VAT asilimia 16, yaani 81,600. Jumla 102,000. (Ada ya reli imepandishwa hadi asilimia 2 tangu mwisho wa Desemba 2024, kwa hiyo msinakili hesabu yangu kama ilivyo.)

Ami akanipigia simu Jumanne asubuhi. "Mwanangu, imekuja laki mbili na nusu."

Ilikuwa 249,900. Wakala ameona "viungio vya chakula" kwenye ankara, akaweka kundi la 21.06, la matayarisho ya chakula yasiyotajwa kwingine, na hapo akatozwa ushuru wa asilimia 25. Ushuru peke yake 127,500. Halafu VAT hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo nayo ikapanda hadi 102,000. Kumbe ile hesabu yangu yote ilikuwa imekuwa VAT tu.

Sikuwa na hizo pesa. Nilikuwa nimekopa kwenye chama chetu cha akina mama na tarehe ya kurudisha ilikuwa imeandikwa. Nilikaa kibarazani, simu mkononi, na mamangu akaniuliza mara mbili kama kuna mtu amefariki.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyaonea haya zaidi, na ndiyo maana nayaandika kwa urefu. Ami aliniambia kuna njia. Muuzaji atume ankara nyingine, yenye bei ndogo, na entri ifutwe iwekwe upya. "Watu wote hufanya," alisema, bila kunong'ona, kama mtu anayekueleza bei ya matatu. Nikasema sawa. Hakunilazimisha. Nilimwandikia muuzaji mwenyewe, kwa mkono wangu, na kwa nusu saa ankara mpya ikaja: dola 380 kwa tani. Muuzaji hakuuliza hata kwa nini. Hilo peke yake lingetosha kunitisha, lakini siku ile nilihisi nimesaidiwa.

Ofisa wa forodha aliyeshika faili langu alikuwa dada wa umri wangu. Alipokea entri mpya, akafungua cheti cha ukaguzi cha KEBS, akakuta thamani ya kwanza, 690. Akaweka karatasi mbili pamoja. Hakuhitaji upelelezi wowote zaidi ya huo.

Mzigo ukazuiwa.

Barabara ilipopitika nilipanda gari la alfajiri kwenda Mombasa, mwendo wa kilomita kama 120 ambao siku ile ulinichukua nusu siku. Nilikwenda peke yangu, bila ami. Yule dada alinikalisha, akanisomea taratibu kwamba kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 mwenye mzigo anawajibika kwa anachokifanya wakala wake, na kwamba karatasi ya uongo inaweza kumtia mtu gerezani miaka 3 au faini ya hadi dola 10,000. Alisema hivi bila ukali. Kisha akaniuliza: "Dada, ulilipa kiasi gani hasa?"

Nililia pale mezani. Nilipotulia nikatoa simu, nikamwonyesha risiti ya benki ya dola 2,760 na mazungumzo yote na muuzaji, pamoja na ombi langu la ankara ya uongo. Sikuficha kitu. Akaniambia niandike barua ya kukiri na kuomba kesi imalizwe na Kamishna bila mahakama, jambo ambalo sheria inaruhusu. Na hapohapo, kwa kuwa nilimwambia bidhaa ni ndimu ya unga tupu, akanifungua macho kwa swali moja: "Sasa kwa nini mmeweka 21.06?"

Sampuli ilipelekwa maabara. Nikaleta cheti cha uchambuzi cha kiwandani. Majibu yalithibitisha ni asidi ya sitriki, namba ikarekebishwa kuwa 2918.14, ushuru ukarudi sifuri. Kodi niliyolipa mwisho ni ileile 102,000 niliyoitenga mwanzo. Lakini mzigo ulikuwa umekaa siku 37. Ukipita siku 21 bila kugombolewa unaweza kuingizwa kwenye orodha ya kwenda mnadani, na mimi niliuona wangu ukikaribia huko. Faini ilikuwa 60,000. Stoo ya CFS, ile yadi ya kuwekea kontena, na sehemu yangu ya gharama za kuchelewesha kontena, 88,400. Safari na malazi ya Mombasa, 21,000. Ukijumlisha na kodi ni 271,400. Ningelipa ile kodi isiyo sahihi siku ya kwanza, nikaidai baadaye kwa rufaa, ningetoa kidogo kuliko hivyo. Na kama ningemwambia muuzaji aandike maneno sahihi, nisingetoa hata senti moja ya ziada.

Rufaa ipo. Hilo sikulijua wakati ule. Ukiona namba au thamani uliyowekewa si sawa, una siku 30 za kumwandikia Kamishna ukiomba uamuzi uangaliwe upya, naye ana siku 30 za kukujibu. Asipokuridhisha, kuna baraza la rufaa za kodi. Unaweza pia, kabla hata ya kuagiza, kuomba kwa maandishi uamuzi wa mapema kuhusu namba ya bidhaa yako. Mimi sasa nimefanya hivyo kwa kihifadhi cha juisi, benzoeti ya sodiamu, ambayo iko 2916.31, na barua yake ninaiweka pamoja na hati ya nyumba.

Kwenye ankara siku hizi naagiza yaandikwe mambo haya yote: jina la kemikali, namba yake ya CAS, ile ya kimataifa ya kutambulisha kemikali (77-92-9 kwa ile kavu, 5949-29-1 kwa ile yenye maji ndani yake), namba 330 ya orodha ya kimataifa ya viungio vya chakula, kiwango chake cha ubora, na jina la kiwanda kilichotengeneza, si la dalali aliyeuza. Neno "viungio" silitumii tena kwenye karatasi. Ni neno la jikoni. Forodhani linafungua mlango wowote, na mara nyingi ni mlango wa ghali.

Hilo la jina la kiwanda nililiona dogo mpaka Agosti 2024.

Malindi yetu imezoea wageni wa Ulaya. Wana nyumba hapa, wana mikahawa, watoto wao wamesoma na wetu. Kwa hiyo mgeni mmoja aliponijia ghalani akasema amesikia naagiza ndimu ya unga, sikushangaa. Alikunywa juisi ya ukwaju, akasifu, akauliza kuhusu wazee wangu. Kisha akaleta shauri lake. Nimwagizie tani 20 kutoka China kila mwezi, yeye atatoa pesa zote. Zikifika Mombasa tuzihamishe kwenye mifuko mipya yenye jina la biashara yangu na maandishi "Bidhaa ya Kenya", niombe cheti cha asili, ile karatasi inayosema bidhaa imetengenezwa nchi gani, tuzipeleke Ulaya. Mimi nitapata senti 15 za dola kwa kila kilo. Hiyo ni dola 3,000 kwa kontena moja, kama shilingi 387,000 kwa bei ya dola ya mwezi ule. Kila mwezi. Kazi yangu ni saini na mifuko.

Aliniambia mkataba mpya wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya umeanza tarehe 1 Julai, bidhaa za Kenya zinaingia bila ushuru, na serikali inataka wanawake kama mimi wautumie. Kuhusu mkataba alisema kweli. Ndiyo maana maneno yake yalinoga.

Nilikubali. Nilipokea shilingi 150,000 za kuanzia na nikaagiza mifuko 800 ichapishwe. Nasema hivi ili mtu asidhani nilikuwa nimeshajifunza. Nilikuwa nimejifunza kuhusu bei na namba tu. Kuhusu asili ya bidhaa sikuwa nimejifunza kitu.

Aliyenizindua ni mamangu, na hakuwa anajua lolote la forodha. Tulikuwa tunatoa kokwa za ukwaju. Nikamweleza kwa furaha. Akanyamaza, akaendelea na ukwaju wake, kisha akasema: "Mtu wa Ulaya anunue China, alete Mombasa, aitoe tena Mombasa aipeleke kwao. Meli mbili. Na bado ana pesa za kukupa wewe. Zinatoka wapi?"

Nilimpigia binti wa dada yangu jioni ile, tukakaa naye kwenye simu akisoma sheria za Ulaya. Zinawekwa wazi, kila mtu anaweza kuzisoma. Tukapata jibu. Tangu Desemba 2008 Umoja wa Ulaya unatoza ndimu ya unga ya China ushuru wa ziada, juu ya ule wa kawaida, hadi asilimia 42.7, kutegemea kiwanda gani kimeitengeneza. Ni ushuru wa kuzuia utupaji wa bidhaa.

Nilichukua siku kadhaa kuuelewa. Naueleza kama nilivyomweleza mamangu. Chukua mtu mwenye embe nyingi kwao. Kwao anaziuza shilingi 20. Anazileta Malindi anaziuza 12. Mkulima wa Magarini, ambaye embe yake inamgharimu 15 mpaka sokoni, anauza hasara msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu anakata miembe achome makaa. Hiyo tofauti ya 20 na 12 ndiyo inayoitwa kutupa bidhaa. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinairuhusu nchi kuweka ushuru wa kuifidia, lakini bei rahisi peke yake haitoshi. Lazima uchunguzi uonyeshe mambo matatu: kwamba bei ya kusafirisha iko chini ya bei ya kwao, kwamba wazalishaji wa nchi inayonunua wameumia, na kwamba kuumia huko kumeletwa na bidhaa hizo. Ushuru wenyewe unadumu miaka 5, kisha unaisha isipokuwa uchunguzi mpya uonyeshe bado unahitajika. Huu wa ndimu ya unga umekuwa ukiendelezwa.

Sasa piga hesabu ya yule mgeni. Kontena la tani 20 kwa dola 700 ni dola 14,000. Asilimia 42.7 yake ni karibu dola 6,000. Hizo dola 3,000 alizoniahidi zilikuwa zinatoka humo, kwenye ushuru ambao serikali zao zingeupata. Nami ndiye ningekuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba mzigo ni wa Kenya.

Na mchezo huo si mpya. Januari 2016 Ulaya iliupeleka ushuru uleule kwa ndimu ya unga iliyokuwa ikitumwa kutoka Malaysia, baada ya kubaini kuwa ya China ilikuwa inapitishwa huko. Wana ofisi maalumu ya kupambana na ulaghai, OLAF, ambayo kazi yake mojawapo ni kufuatilia vyeti vya asili vya uongo hadi nchi vilikotolewa. Marekani nao waliweka ushuru wa namna hii kwa ndimu ya unga ya China na Kanada mwaka 2009, wakaongeza Ubelgiji, Colombia na Thailand mwaka 2018. Na kwa ile chumvi ya Kichina tunayotia kwenye pilau na chipsi, ya China na Indonesia, mwaka 2014. Marekani kuna jambo linalotisha zaidi kwa mwenye mtaji mdogo: unachotoa bandarini ni amana tu, kiwango kamili hukadiriwa baadaye, na bili ya nyongeza inaweza kukufuata ukiwa umeshauza mzigo wote. Mwenye ndugu huko anayemwomba amtumie magunia ya viungio, na amuulize kwanza zimetoka kiwanda gani.

Nilikwenda tena Mombasa kumwona yule dada wa forodha. Safari hii sikulia. Nilimuuliza swali moja: nikibadilisha mfuko, bidhaa inakuwa ya Kenya? Akajibu hapana. Kuhamisha mfuko, kuchekecha, kupima upya, kubandika karatasi, hakuna hata kimoja kinachobadilisha asili. Ndimu ya unga iliyotengenezwa China itabaki ya China hata ikikaa Malindi miaka kumi. Kinachoweza kuwa cha Kenya ni kile ninachokitengeneza mimi: mabuyu yangu, achari yangu ya embe za Magarini, na hata hapo kuna kanuni ya kila bidhaa, na itabidi nihesabu sukari na vitu vingine vilivyotoka nje. Alinionya pia kwamba karatasi za forodha zinatakiwa zitunzwe miaka 5, na wakaguzi wanaweza kuja ghalani baada ya mzigo kuondoka. "Ukitia saini leo," alisema, "unaisubiri miaka mitano."

Nikarudisha 150,000. Kwa kuwa 62,000 zilikuwa zimeshaingia kwenye mifuko, nilizitoa kwenye akiba ya ada ya mwanangu, na tulizungumza vibaya nyumbani wiki nzima. Yule mgeni hakukasirika. Alisema atampata mwingine. Sijui kama alimpata, lakini nilimwambia kila mtengenezaji wa achari ninayemjua kutoka hapa hadi Mambrui, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika haya.

Wanaoniuliza kama Kenya nayo ina ushuru wa namna hiyo: sheria tunayo tangu 2017, na kuna wakala wa serikali, KETRA, ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko ya wazalishaji wetu na kuyachunguza. Kwa hiyo kabla sijaagiza kitu kipya huwa nauliza mambo mawili kwa pamoja, namba yake ya HS na kama kuna hatua yoyote juu ya nchi inakotoka. Na bei ikiwa chini sana kuliko ya wengine wote, namwomba muuzaji anitumie bei ya viwanda vingine viwili. Mwenye bei ya kweli hujibu siku hiyohiyo.

Kuhusu wakala. Sikumwacha yule mzee kwa chuki, nilimlipa, tukaagana. Niliye naye sasa nilimchagua baada ya kuangalia leseni yake ya mwaka huu kwenye orodha ya KRA, mamlaka ya kodi, na tumekubaliana kwa maandishi kwamba hatumi entri kabla sijaisoma na kumjibu "sawa". Ananitumia saa za jioni. Naisoma nikiwa na kalamu: jina la bidhaa, namba, nchi ya asili, kiwanda, uzito, thamani, nauli, bima. Mara moja nimemkuta amekosea uzito. Mara moja nimejikuta nimekosea mwenyewe, niliandika tani 4 badala ya 6, na tulirekebisha kabla mtu yeyote hajauliza.

Mzigo wa pili ulitoka kwa siku 9. Wa tatu kwa siku 6. Mfuko sasa unanifikia Shela kwa kama shilingi 3,900 ukihesabu kila kitu, na nawauzia wenzangu 4,400. Mkopo wa chama nilimaliza Juni.

Wa nne uko baharini. Karatasi zake zote nimeshazisoma, isipokuwa ya bima, ambayo imekuja leo baada ya Magharibi. Nitaisoma kesho alfajiri kabla gari la Mombasa halijaondoka.